Pongezi kwa Wanaofundisha Kuuliza Mapema

Wahandisi wa mazingira wanaomfundisha mwanafunzi kuuliza chembe ya nano itaishia wapi, kabla hajaisifu kwa kazi inayofanya, wanastahili pongezi. Mfano ni Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ambako kituo cha kuchunguza athari za nanoteknolojia kilianzishwa mwaka 2008. Msituni kulijengwa masanduku makubwa yenye vinamasi vidogo: tope, maji, mimea, samaki. Humo zikatiwa chembe za madini ya fedha, aina ileile inayotiwa kwenye soksi kuua bakteria wa harufu. Baada ya miezi 18, fedha nyingi ilikuwa imetuama topeni ikiwa imeungana na salfa. Hata hivyo, nyingine ilikutwa ndani ya mimea na samaki.

Wapo watakaosema tahadhari hii inachelewesha uvumbuzi, tena salfa yenyewe imeshaivunja sumu makali. Kweli, salfaidi ya fedha huyeyuka kwa shida sana. Lakini hilo tumelijua kwa sababu kuna aliyeuliza. Na anayelijua hubuni tofauti: huikaza chembe kwenye kauri ya chujio isichukuliwe na maji, au hutumia kidogo zaidi. Wala hadanganyiki na sifa ya “kijani”, maana chembe iliyotengenezwa kwa majani ya chai badala ya kemikali kali (hatua njema, sikatai) ikifika mtoni ni fedha ileile. Vyuo vyetu vinavyofundisha usafishaji wa maji vilianzishe swali hili mwaka wa kwanza, visilisubirishe hadi semina ya mwisho.