Bastola ya Verlaine na Nasaba ya Shairi

Tarehe 30 Novemba 2016, mjini Paris, nyumba ya mnada ya Christie's ilinadi bastola moja ya risasi sita, ya mtindo wa Lefaucheux, yenye kipenyo cha milimita 7. Bei iliyokadiriwa ilikuwa kati ya euro 50,000 na 70,000. Nyundo ilipogongwa na ada ya mnunuzi ikaongezwa, ilifika euro 434,500. Kwa chuma peke yake bei hiyo haielezeki, kwani bastola za aina hiyo zilifuliwa kwa wingi Ulaya katika karne ya 19, na nyingine nyingi zimo makabatini mwa wakusanyaji bila ya kumshughulisha mtu. Hii ilinunuliwa kwa fedha hizo kwa kuwa ndiyo aliyoitumia mshairi Paul Verlaine kumpiga risasi mshairi mwenziwe, Arthur Rimbaud.

Kisa chenyewe ni mashuhuri. Asubuhi ya tarehe 10 Julai 1873, mjini Brussels, Verlaine aliingia katika duka la silaha la Montigny akainunua bastola hiyo kwa faranga 23. Alikuwa na umri wa miaka 29, amemwacha mkewe na mwanawe mchanga. Na sahibu yake Rimbaud, aliyekuwa na miaka 18, alikuwa amekwisha kukata shauri la kwenda zake. Alasiri, katika chumba cha hoteli, Verlaine akiwa amelewa alifyatua mara mbili. Risasi moja ilimpata Rimbaud katika kifundo cha mkono wa kushoto, ya pili ikapotea. Baadaye, wakiwa njiani kuelekea kituo cha reli, Verlaine alitia mkono mfukoni, na Rimbaud akachelea kupigwa tena, akamkimbilia askari. Ingawa majeruhi aliyaondoa mashtaka yake, mahakama haikuiachia kesi: tarehe 8 Agosti Verlaine alihukumiwa kifungo cha miaka miwili na faini ya faranga 200. Alitoka gerezani Mons mwezi Januari 1875.

Atakaye kuufahamu mnada wa silaha za kale hana budi kulishika neno moja, nalo ni nasaba. Bunduki ya zamani hupimwa kwa mambo mengi: uzima wa chuma chake, ufundi wa mfuaji, uchache wa aina yake, nakshi za kitako, na kama viungo vyake vyote ni vya asili au vimebadilishwa. Hayo yote yakishahesabiwa huleta bei ya kawaida tu. Kinachoitoa silaha moja katika kundi la wenzake ni silsila ya mikono iliyoishika: nani aliimiliki, akampa nani, na kwa ushahidi gani. Wanazuoni wa hadithi walikwisha kuijua kazi hii zamani. Kwao matini haipokewi mpaka isnadi yake ipimwe kiungo kwa kiungo, na kiungo kimoja kikilegea, maneno yote hushuka daraja.

Kwa kipimo hicho, bastola ya Verlaine ina isnadi nzuri. Ilichukuliwa na vyombo vya sheria, ikarudishwa kwa Montigny, ikakaa dukani humo mpaka duka lilipofungwa mwaka 1981, kisha ikaingia mkononi mwa mtu binafsi. Habari zake zilitoka hadharani mwaka 2004, Maktaba ya Kifalme ya Ubelgiji ilipokuwa ikiandaa maonyesho juu ya washairi hao wawili. Viungo ni vichache na vinajulikana. Na kwa kuwa ni silaha ya mtindo wa kabla ya mwaka 1900, sheria ya Ufaransa inaihesabu katika kundi ambalo mtu mzima anaweza kulimiliki bila ya kibali. Kwa macho ya sheria, chombo kile kimekwisha kustaafu kazi yake, na sasa ni kumbukumbu tu.

Walakini soko halifuati masharti ya wanazuoni. Tarehe 19 Juni 2019, katika jumba la minada la Drouot huko huko Paris, iliuzwa bastola nyingine ya Lefaucheux ya milimita 7, iliyoliwa na kutu hata ikabaki kama mfupa. Ilikuwa imeokotwa na mkulima katika shamba la Auvers-sur-Oise miaka ya 1960, mahali ambapo mchoraji Vincent van Gogh alijijeruhi mwezi Julai 1890 na kufariki dunia siku mbili baadaye. Kipenyo chake kinalingana na risasi iliyotajwa na tabibu, na kutu yake inaafikiana na muda wa kukaa ardhini. Zaidi ya hapo hakuna shahidi. Kwa lugha ya wapokezi, hiyo ni riwaya dhaifu. Hata hivyo ilifika euro 162,500, zaidi ya mara mbili ya makadirio ya juu kabisa. Kwa hiyo mnunuzi yu tayari kulipia hata neno "huenda", mradi liwe limesimama karibu na mauti ya msanii.

Hapa ndipo uhakiki wa fasihi unapopaswa kuingia. Mnada una haki ya kuuza ulichonacho, na mwenye mali ana haki ya kupokea bei yake. Tatizo ni kwamba pamoja na chuma huuzwa tafsiri. Bastola ya Brussels ilitangazwa kuwa silaha mashuhuri kuliko zote katika fasihi ya Kifaransa, na nyuma ya sifa hiyo imejificha dhana ambayo wasomaji wengi wameimeza bila ya kuitafuna: kwamba risasi ile ndiyo iliyozaa kitabu. Rimbaud alipigwa risasi mwezi Julai. Mwezi Oktoba mwaka huo huo kikachapwa, huko huko Brussels, kitabu chake *Une saison en enfer*. Basi, husemwa, jeraha lilikuwa wino.

Tarehe zinaikataa dhana hiyo. Mwezi Mei 1873, miezi miwili kabla ya bastola kununuliwa, Rimbaud alimwandikia rafiki yake Delahaye kutoka shambani kwao Roche, akimweleza kwamba anatunga visa vifupi vya nathari na kwamba maisha yake yanategemea kitabu hicho. Na mwishoni mwa kitabu kilichochapwa mwandishi mwenyewe ameweka muda wa utunzi: Aprili hadi Agosti 1873. Moto ulikuwa umekwisha kuwaka kabla ya fataki. Ni kweli kwamba wako wasomaji makini waonao katika dibaji ya kitabu dokezo la kunusurika kifo, na sehemu ya mwanamwali mpumbavu na mume wa jahanamu ni vigumu kuisoma bila ya kumkumbuka Verlaine. Maisha yamo ndani ya kitabu, hakuna awezaye kulikana hilo. Lakini kitabu kinapambana na mambo makubwa kuliko ugomvi wa sahibu wawili: ubatizo ambao mtu hakuuchagua, nasaba ya mababu washenzi, kazi, sayansi, rangi ya ngozi, na kuvunjika kwa imani kwamba ushairi unaweza kuubadilisha ulimwengu. Hakuna hata moja kati ya hayo lililotoka katika mtutu.

Mwenye kutaka ushahidi na ajaribu kukifasiri. Kwenye jina tu atakwama. Neno *enfer* aliite jahanamu, moto, au kuzimu? Jahanamu ni adhabu yenye Hakimu. Kuzimu ni makazi ya wafu, wema na waovu. Moto ni neno la mawaidha ya kila siku, na limepungua ukali kwa kutumiwa sana. Anayesema katika kitabu hicho ni mtoto wa katekisimu, na hoja yake yote ni kwamba katekisimu inamfunga hata anapoikataa; kwa hiyo jahanamu ndiyo iliyo karibu zaidi, kwani ndani yake mna hukumu. Na *saison*? Ni msimu, nao msimu huja na kupita, kama watu wa visiwa hivi wajuavyo kwa pepo za kaskazi na kusi. Jahanamu yenye msimu ni kauli inayojigonga yenyewe, na katika mgongano huo ndimo kitabu kilimo. Bastola ya euro 434,500 haimsaidii mfasiri kuchagua hata neno moja.

Historia ya kitabu chenyewe inastahili kuwekwa kando ya historia ya silaha. Kilichapwa nakala 500 hivi kwa gharama ya mtunzi. Rimbaud alichukua nakala chache, hakumaliza deni, na zilizobaki zikalala ghalani kwa mchapaji, mpaka mwaka 1901 mpenzi wa vitabu wa Kibelgiji, Léon Losseau, alipozikuta nakala zaidi ya 400 zimefungwa. Kwa muda wa karibu miaka 28, katika mji mmoja, bastola ilikuwa dukani kwa muuza silaha na kitabu ghalani kwa mchapaji, na hakuna aliyekuja kuuliza bei ya kimojawapo. Tofauti ni kwamba kitabu kilipofunguliwa kilifanya kazi ile ile iliyokusudiwa siku kilipochapwa, na kinaifanya hadi leo kwa yeyote aliye na nakala ya bei ndogo. Bastola imebaki kuashiria tu.

Kuna upande mwingine wa kisa hiki ambao mnada wa 2016 ungeweza kumkumbusha msomaji. Aliyepigwa risasi alikuja kuwa muuza bunduki. Rimbaud aliacha ushairi akiwa na miaka ishirini na ushei. Mwaka 1880 alifika Aden, na kutoka hapo akaingia Harar kwa biashara ya kahawa na ngozi. Mwishoni mwa mwaka 1885, akiwa bandarini Tadjoura katika pwani ya Ghuba ya Aden, aliwaandikia jamaa zake kuhusu biashara mpya. Bidhaa ilikuwa bunduki kuukuu za fataki, ambazo majeshi ya Ulaya yalikuwa yamezitupa kwa miaka arobaini. Kwa wauzaji wa silaha za zamani wa Liège na Ufaransa zilipatikana kwa faranga 7 au 8 kila moja, na kwa Menelik, mfalme wa Shewa, zingeuzwa kwa faranga 40 hivi.

Hesabu hiyo ilikuwa nzuri katika karatasi. Alizuiliwa Tadjoura kwa miezi mingi kwa sababu ya marufuku ya kuingiza silaha. Mshirika wake Labatut akafariki dunia. Na mfanyabiashara Soleillet, aliyetarajia kufuatana naye, akafariki pia. Mwezi Oktoba 1886 Rimbaud alitoka peke yake na msafara wa ngamia na bunduki zipatazo 2,000, akalivuka jangwa la Waafar, akawasili Shewa mwanzoni mwa 1887. Menelik alimshushia bei, wadai wa marehemu Labatut wakamzonga, na malipo akapewa kwa hawala ya kulipwa Harar na Ras Makonnen. Menelik alinunua silaha kwa wafanyabiashara wengi, na mwaka 1896, huko Adwa, jeshi lake likalishinda jeshi la Italia.

Weka sasa bei hizi mbili pamoja. Bunduki elfu mbili zilizobebwa na mshairi, ambazo ziliwagusa watu wengi zaidi, kwa uhai na kwa kifo, hazina nambari katika daftari la mnada wowote. Bastola moja iliyochuna kifundo cha mkono wa mshairi ina bei ya nyumba. Ndivyo nasaba inavyofanya kazi sokoni: humchagua mtu mmoja mwenye jina na kuwaacha wasio na jina nje ya daftari. Msomaji wa pwani hii ana sababu ya kulitazama jambo hilo kwa jicho kali. Katika barua zake za Harar na Aden, Rimbaud aliitaja Zanzibar mara kwa mara kuwa mahali ambapo huenda angehamia. Hakufika. Alirudi Ufaransa mgonjwa, akakatwa mguu, na tarehe 10 Novemba 1891 akafia Marseille akiwa na miaka 37. Kwake Zanzibar ilikuwa soko jingine la kujaribu bahati, na wala si vyema kulipamba hilo ili visiwa vipate sehemu katika umaarufu wake.

Kilicho bora ni kujifunza nasaba ya aina nyingine. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliishi katika zama za vita baina ya Wamazrui na Sayyid Said, naye aliviimba vita hivyo kwa ulimi usiosaza mtu. Hakuna panga wala gumegume linalonadiwa kwa jina lake. Mashairi yake yalikaa vifuani mwa watu, Mwalimu Sikujua akayakusanya, W. E. Taylor akayapokea, na mwaka 1940 William Hichens akayatoa katika diwani. Hiyo nayo ni isnadi, ina viungo vyake imara na vilivyolegea, na inamdai mhakiki kazi ya kuuliza neno hili lilisikika vipi na lile liliandikwa na mkono wa nani. Kazi hiyo haina nyundo wala makofi, na wenye kuifanya ni wachache.

Bastola ya Verlaine imekwenda kwa mwenyewe, na aliyeinunua ameinunua kwa halali. Aliye na haja na Rimbaud aanzie kwenye kile alichokiweka mwenyewe chini ya jina lake, asome polepole, na kila anapokutana na jeraha ndani ya kitabu aulize linamuuma nani katika sentensi ile, kabla ya kuuliza lilitoka katika silaha gani.