Heko kwa Mafundi wa Pompeii

Mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79 BK, majivu yaliufukia mji wa Pompeii na kuutunza. Heko zangu, hata hivyo, nawapa wanaakiolojia na mafundi wanaopiga magoti wakiondoa vumbi kwa brashi. Mwaka 2020 walimaliza kufukua mgahawa: kaunta iliyochorwa bata na mbwa mwenye ukanda shingoni, na mitungini masalia ya bata, nguruwe, mbuzi, samaki, hata konokono. Konokono! Takriban theluthi moja ya mji bado imefukiwa, nao hawana pupa. Hata yaliyokwisha kufukuliwa yanahitaji ulinzi: mwaka 2010 jengo liitwalo Nyumba ya Wapiganaji liliporomoka baada ya mvua. Tangu hapo kuimarisha kuta na kuelekeza maji kumetiliwa mkazo mkubwa. Kazi hiyo haipigwi picha sana, nami ndiyo ninayoivulia kofia.