Mtoto Mkalimani katika Filamu za Caroline Link

Caroline Link, mwandishi wa miswada na mwongozaji wa filamu aliyezaliwa Bad Nauheim, Ujerumani, mwaka 1964, anafahamika zaidi kwa filamu ya Nirgendwo in Afrika (2001), iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni mwaka 2003. Tahakiki hii inadai kuwa kazi zake kuu zinaunganishwa na mhusika mtoto anayewafasiria watu wazima ulimwengu wasioumudu. Mbinu hiyo ndiyo nguvu ya filamu zake, na ndiyo mpaka wake pia.

Katika Jenseits der Stille (1996), Lara ni mkalimani wa wazazi wake viziwi. Mbele ya mwalimu wake anapotosha tafsiri kwa manufaa yake mwenyewe. Tukio hilo linachekesha, lakini linaibua suala zito: anayefasiri ana mamlaka juu ya anayefasiriwa.

Suala hilo linajitokeza tena katika Nirgendwo in Afrika, ambamo familia ya Kiyahudi inawakimbia Wanazi na kuhamia Kenya. Binti yao, Regina, anafundishwa Kiswahili na mpishi Owuor, na anaizoea nchi upesi kuliko wazazi wake. Hapa Kiswahili si pambo la mandhari: Owuor, aliyeigizwa na Mkenya Sidede Onyulo, ndiye mwalimu, na wageni ndio wanafunzi. Hata hivyo, msimulizi ni Regina, na Owuor anaonekana kwa kadiri anavyopendwa naye. Maisha yake nje ya nyumba ya waajiri yanaachwa pembeni. Joho la uwakili analopewa na Walter, babake Regina, linadhihirisha kasoro hiyo. Kwa Walter, joho ni kumbukumbu ya taaluma aliyonyang'anywa. Kwa Owuor, ni zawadi ya heshima. Filamu haiulizi sheria yenyewe ilikuwa na maana gani kwa Mwafrika chini ya ukoloni.

Katika Als Hitler das rosa Kaninchen stahl (2019), Anna anapitia uhamisho kama huo huko Uswisi na Ufaransa. Mtazamo wa mtoto hauzui kasoro ileile, kwa kuwa wenyeji wake si watawaliwa. Kwa hiyo udhaifu hautokani na mtoto kuwa msimulizi, bali na historia ambayo upendo wake hauwezi kuibeba. Uhakiki wa Link unapaswa kumtazama anayefasiri pamoja na yule asiyepewa nafasi ya kujisimulia.