Sahihi ya Pili

Ndege ya abiria ya shirika la Marekani haiondoki kwa safari ya ratiba mpaka hati ya kuiruhusu iwe na sahihi mbili. Moja ni ya rubani. Nyingine ni ya mtu ambaye abiria hawamwoni kamwe: dispacha. Wengi wakisikia habari zake humchanganya na mwongoza ndege wa mnarani, lakini huyu ni mwajiriwa wa shirika. Hukaa ofisini, pengine mbali sana na uwanja wowote utakaotumika, akipanga njia, mafuta, uzito na uwanja wa akiba, kisha huifuatilia ndege hadi itue. Sheria inamwajibisha pamoja na rubani. Mmoja wao akisema hapana, safari haiendi.

Utaratibu huu haukuzuka hivi hivi. Tarehe 6 Mei 1935, ndege aina ya DC-2 ya shirika la TWA iliyokuwa ikienda Kansas City ilikuta ukungu huku mafuta yakipungua, ikaanguka Missouri. Seneta Bronson Cutting alikuwa miongoni mwa waliokufa. Ajali ile ilichangia kuzaliwa kwa Sheria ya Usafiri wa Anga ya 1938, ambayo utaratibu huu ulitokana nayo.

Mpwa wangu, mzaliwa wa Mombasa anayeishi Dallas, anajiandaa kuingia shule ya madispacha. Mafunzo hayapungui saa 200, na shule nyingi huyabana katika wiki chache, kwa hiyo anayefika mikono mitupu huzama mapema. Mtihani wa maandishi una maswali 80, saa tatu, na alama ya kufaulu ni asilimia 70. Unaweza kuufanya ukiwa na miaka 21, ila cheti chenyewe hupewi mpaka utimize 23. Baadaye kuna mtahini wa ana kwa ana, ambaye hukukalisha mezani na kukutaka upange safari nzima kwa mkono. Mtihani huo wa pili ndio anaoufanyia mazoezi nyumbani jioni, nami nimekuwa nikikaa pembeni kumtazama.

Vifaa vyake ni vichache: penseli mbili zilizochongwa, kifutio, rula ya plastiki inayopenyesha mwanga, kikokotoo, na kitabu cha chati. Safari ya zoezi ni kutoka Dallas/Fort Worth kwenda O'Hare, Chicago, kwa Boeing 737-800. Hagusi mafuta kwanza. Anaanza na mstari wa hali ya hewa ya Chicago, 05008KT 2SM BR OVC012 03/02, na anausoma akisogeza ncha ya penseli bila kuiacha ikimbie mbele ya macho. Upepo unatoka nyuzi 50, noti nane. Mwonekano maili mbili, ukungu mwepesi. Mawingu yamefunika anga yote kwenye futi 1,200. Joto nyuzi tatu, kiwango cha umande nyuzi mbili. Hapo husimama. Joto na umande vikikaribiana hivyo, ukungu hauna haraka ya kuondoka, na utabiri wa saa zijazo unakubaliana naye.

Saa zote za kazi hii ni za Greenwich, ambazo wenyewe huziita Zulu. Nilidhani zingemsumbua, kumbe malezi ya pwani yalikwisha kumwandaa. Wakati wa baridi Dallas iko nyuma ya Zulu kwa saa sita, kwa hiyo saa moja asubuhi, kwa hesabu yetu, ni 1300 Zulu. Saa mbili ni 1400. Saa tatu ni 1500. Toa kumi na mbili, unabaki na saa yetu. Mwezi Machi, Wamarekani wakisogeza saa zao mbele, raha hiyo humwishia.

Kanuni inamtaka atazame kuanzia saa moja kabla ya ndege kufika hadi saa moja baada ya hapo. Kama katika muda huo mawingu yatakuwa chini ya futi 2,000, au mwonekano chini ya maili tatu, lazima ataje uwanja wa akiba. Chicago imeanguka kwa yote mawili. Uwanja mmoja ulio karibu ni Milwaukee, na mkono wangu ungeuandika mara moja. Yeye anarudi kwenye zile nyuzi 50. Upepo huo unatoka ziwani, na miji yote miwili iko ukingo uleule wa Ziwa Michigan. Ukungu unaoifunga Chicago una kila sababu ya kuifunga Milwaukee. Anaandika Indianapolis.

Kisha chati ya uzito wa kuondokea, ambayo kwangu ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Joto limepangwa ukingo wa chini, mwinuko wa uwanja ni mistari iliyopinda, upepo ni mistari ya mshazari upande wa kulia. Uwanja wa Dallas uko futi 607, na chati ina mstari wa 500 na wa 1,000 tu. Anapanda kutoka kwenye joto mpaka kati ya mistari hiyo miwili, anasimama moja ya tano ya njia kutoka ule wa 500, anaweka kinukta. Kutoka hapo anakwenda mlalo hadi mstari wa rejea, anafuata mshazari bila kuukata, anatoka pembeni kusoma ratili. Penseli butu ingekula mamia ya ratili, na majibu ya mtihani huwa yamekaribiana.

“Mjomba, usiniegemee meza,” ananiambia bila kuinua macho.

Uzito anaupanga kwa safu. Ndege na mzigo bila mafuta, ratili 132,000. Akiba ya dakika 45, 4,000. Kwenda Indianapolis, 4,500. Jumla atakapogusa Chicago ni 140,500, na mwisho wa kutua ni 146,300. Mafuta ya safari, 11,000, yanaufikisha uzito wa kuondokea 151,500, mbali na mwisho wa 174,200. Anaizungushia duara ile 146,300, kwa kuwa kutua ndiko kunakobana, si kuondoka.

Kompyuta za mashirika hufanya haya yote kufumba na kufumbua. Nilimwuliza mbona anajitesa. Akasema mtahini hatamwuliza kompyuta ilisema nini, atamwuliza kwa nini.

Zoezi lina mtego ukurasa wa nyuma: utabiri mpya. Indianapolis sasa ina uwezekano wa asilimia 30 wa ukungu mzito, mwonekano nusu maili, saa ileile ambayo ndege ingehitaji kukimbilia huko. Asilimia 30 ni kidogo, lakini uwanja wa akiba unahitaji zaidi ya kile kinachotosha kutua siku ya kawaida, na utabiri wenye “huenda” unahesabiwa. Hakuguna. Alifuta safu kuanzia mstari wa Indianapolis kwenda chini, akaacha ya juu yake. Aliandika St. Louis, mafuta 6,000. Hakutosheka kuongeza ile 1,500 ya tofauti. Alirudi kwenye jedwali la mafuta ya safari, kwa sababu ndege iliyobeba zaidi hula zaidi njiani. Ndipo akajumlisha uzito wa kutua Chicago: 142,000. Nafasi iliyobaki, ratili 4,300.