Pembe Mbili za Tembo Mmoja

Kipimo cha vinasaba kikitajwa katika kesi ya ujangili, wengi hudhani kazi yake ni kuthibitisha kwamba pembe iliyokamatwa ni ya tembo kweli. Kwa pembe iliyochongwa shanga hilo lina maana, lakini pembe nzima haihitaji maabara kutambulika. Nguvu kubwa ya vinasaba ni kuunganisha shehena ambazo waendesha mashtaka walizichukulia kama makosa yasiyohusiana. Timu ya Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, ilikusanya mavi ya tembo kutoka pande nyingi za Afrika, ikachora ramani ya vinasaba vyao. Pembe ikikamatwa, hukatwa kipande kidogo, nacho hugandishwa kwa naitrojeni kimiminika kabla ya kusagwa, maana joto la kusaga huharibu vinasaba. Vinasaba vya unga huo ndivyo vinavyolinganishwa na ramani. Mwaka 2015 timu ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya pembe za tembo wa savana zilizokamatwa ilitoka kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Sensa zilisema vivyo hivyo: tembo wa Selous, katika eneo hilohilo la Tanzania, walishuka kutoka takriban 39,000 mwaka 2009 hadi 13,000 mwaka 2013.

Ugunduzi mzito zaidi ulitokana na kazi ya kawaida kabisa. Ili wasipime tembo mmoja mara mbili, wataalamu walizipanga pembe jozi kwa jozi kwa rangi na unene, wakaona nyingi hazina pembe ya pili. Ya pili iko wapi? Katika shehena 38 zilizokamatwa kati ya 2011 na 2014, vinasaba vilifichua jozi 26 zilizotenganishwa, pembe moja katika kontena hili na ya pili katika jingine, mara nyingi kupitia bandari ileile na kwa miezi isiyopishana sana. Ushahidi ulielekeza kwenye mitandao mitatu mikubwa iliyojikita Mombasa, Entebbe na Lomé.

Wakili wa utetezi atasema vinasaba vya tembo havimtaji mtu. Ni kweli, na kielelezo kisipolindwa tangu bandarini hadi maabara hoja yote huanguka. Lakini mtu hatajwi na pembe. Hutajwa na hati za mizigo, simu na malipo, na vinasaba ndivyo vinavyompa mpelelezi sababu ya kuziweka hati za makontena mawili juu ya meza moja. Hapo mshtakiwa wa shehena moja hugeuka mshtakiwa wa mtandao. Tangu 2013 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, unazitaka nchi zinazokamata kilo 500 au zaidi zichukue sampuli ndani ya siku 90. Maofisa wa forodha na wanyamapori wasisubiri kesi iishe ndipo wachukue sampuli, na pembe zisiteketezwe kabla hazijapimwa.