Fundi wa Matimba

Duara, shimo la wachimbaji wadogo, likitema dhahabu, habari hufika Ngokolo, mjini Shinyanga, kabla ya mwenyewe: fulani ameinua nyumba, fulani kanunua gari. Aliyefunga matimba ya duara hilo, magogo yanayozuia kuta zisiporomoke, hatajwi. Mimi ningeanza naye.

Kazi yake ni kushuka kabla ya wenye sululu. Huchonga ncha za magogo zishikane kwa mraba, akapanga fremu juu ya fremu kufuata kuta za shimo, kisha nyuma yake akajaza fito na mawe na kukaza kwa kabari, pasibaki uwazi. Ardhi ikipata nafasi ya kusogea kidogo, itasogea tena. Hugonga mwamba akasikiliza: jiwe zima hulia kwa ukali, lililoachia huitika kama mtungi wenye ufa. Na huwa namsikiliza kwa heshima anapotetea mti, kwa sababu mti hulia kabla ya kuvunjika, ukakupa nafasi ya kukimbia. Penye udongo mweusi wa mbuga hana likizo. Udongo ule hufura ukinywa maji na kupasuka ukikauka, kwa hiyo fremu iliyotulia Agosti husukumwa upya mvua za Desemba zikianza.

Hata mhandisi anayechimba kando ya msingi wa daraja, huku malori ya Mwanza yakipita juu, ana vipimo na mahesabu, lakini kanuni yake na ya fundi ni moja: usiondoe kinachobeba kabla hujaweka cha kupokea mzigo wake. Chimba kipande, tegemeza, pima kama kuna kilichoshuka, ndipo uendelee.

Nyangalata, wilayani Kahama, wachimbaji walifukiwa Oktoba 2015. Tarehe 15 Novemba watano walitolewa hai baada ya siku 41. Mmoja wao akafariki baadaye hospitalini. Nchi nzima ilizungumza walivyokula mende na vyura. Sikumbuki magogo yakizungumzwa kiasi hicho.

Magogo nayo yana bei. Mkoa huu wa Shinyanga ulifyekwa miti hadi serikali ikaanzisha mradi wa HASHI mwaka 1986 kurudisha ngitili, yaani malisho yaliyotengwa miti ikue tena, na mwenye duara anayebana matumizi huanza kubana kwenye matimba. Huo ni ubahili wa kuua.

Wenye maduara, mlipeni fundi huyu kwa kila fremu aliyofunga, kabla ya mgawo wa mifuko ya mawe, dhahabu ionekane isionekane. Na akisema leo hakushukwi, msishuke.