Tope Lililobeba Pumzi ya Unzen

Mlima Unzen, kisiwani Kyushu nchini Japani, ulilipuka kati ya 1990 na 1995. Juni 3, 1991, wimbi la gesi na majivu ya moto liliua watu 43. Mwaka 2003 wanasayansi walianza kuchoronga ubavuni mwake, wakilitafuta koo lililopandisha magma ya mlipuko huo. Walilifikia mwaka 2004, kwa shimo la karibu mita 2,000.

Macho hayafiki huko chini. Kinachofika ni tope la kuchorongea: husukumwa ndani ya mabomba hadi kwenye keekee, kisha hurudi juu likiwa limebeba vipande vya mawe pamoja na gesi zilizokuwa zimefungwa humo. Timu ya gesi kutoka taasisi ya GFZ ya Potsdam, Ujerumani, ililinasa tope hilo lilipotoka, ikalikamua gesi na kuzipima papo hapo, shimo likiendelea kuchimbwa.

Kupima ni rahisi kuliko kusoma vipimo. Kwanza, gesi huchelewa. Tuseme tope linahitaji dakika 40 kupanda, na keekee inakwenda mita 3 kwa saa: gesi inayosomwa sasa imetoka mita 2 nyuma. Asiyepiga hesabu hiyo ataubandika ufa uliotoa gesi mahali usipokuwepo.

Pili, tope hubeba hewa ya kawaida. Hapo argoni husaidia, kwa kuwa karibu yote hutoka angani. Kiasi chake huonyesha sehemu ya hewa inayopaswa kuondolewa.

Tatu, chombo chenyewe huzalisha gesi. Chuma kinaposaga mwamba mgumu ndani ya maji, hidrojeni huzaliwa. Heli haizaliwi hivyo. Zikipanda pamoja, kuna sababu ya kuufikiria mwamba. Hidrojeni ikipanda peke yake, mshuku keekee kwanza. Kaboni dayoksaidi nayo huyeyuka katika tope lenye alkali, hivyo uchache wake juu si ushahidi wa uchache wake chini.

Umakini huo ulistahili, kwani Unzen iliwakatalia makisio. Kooni walitarajia joto la zaidi ya nyuzi 500. Walikuta chini ya 200. Maji yanayozunguka mwambani yalikuwa yameshalipoza koo hilo. Kama walivyokosea kuhusu joto, ndivyo wangekosea kuhusu gesi kama wangeisoma kwa matarajio.

Somo hili la kutoisoma gesi kwa matarajio ni letu pia. Huko Menengai, Kenya, uchorongaji ulioanza 2011 ulileta juu vipande vya kioo cha magma kutoka baadhi ya visima. Kwenye maeneo ya namna hiyo gesi ya hidrojeni salfaidi, nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni na kwenye mashimo, na ikizidi huua uwezo wa pua kuinusa. Mfanyakazi anayesema harufu imeisha huenda ndiye aliye hatarini zaidi. Kipimo kiwe mkononi mwake, na awepo mtu anayejua kukisoma.